Kiti Mlangoni

Kilichomtibua Seli kilikuwa kifungo cha shati. Wengine huanza kushtuka kwa harufu ya marashi, wengine kwa simu inayopokelewa nje ya chumba. Yeye kifungo tu, tena kidogo, cheupe, cha pili kutoka kwenye kola.

Ilikuwa Jumatano jioni na meza ya maswali ilikuwa imejaa. Pale kituoni walikuwa na utaratibu wao: vipindi vikiisha, walimu wote wa tuisheni wanakaa kwenye meza moja ndefu, na mwanafunzi yeyote anakuja na swali lolote. Ukija na la kemia ukamkuta wa jiografia, anakusogeza kwa mwenzake, hivyo hivyo mpaka swali limfikie mwenyewe. Mitihani ilikuwa mlangoni, kwa hiyo maswali yalikuwa hayaishi. Huyu anataka kujua kwa nini msumari unapata kutu, yule kwa nini mvua inanyesha upande mmoja wa mlima, na mwingine analia machozi kabisa kwa sababu ya insha.

Seli alikuwa mwalimu wa baiolojia. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Wanafunzi walishambandika Madamu Seli tangu alipofika, na walimu wenzake wakalidaka. Aliyekaa mkabala naye alikuwa mwalimu wa hesabu, naye kwa ubandikaji uleule aliitwa Kipeuo. Huyo ndiye mchumba wake. Jumamosi ya wiki hiyo dada mkubwa wa Kipeuo na wajomba zake walikuwa waje nyumbani kwa kina Seli kuleta posa. Kwa hiyo mtu angetarajia kumkuta bibi harusi mtarajiwa ana furaha, siyo amekodoa macho kwenye shati la mwanaume kama askari wa zamu.

Lakini mwelewe. Shati hilo la bluu alilijua kuliko alivyolijua lake. Kifungo kile kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja tangu kabla hawajaanza kupendana. Alishamtania nacho, alishaahidi kukishona, na hakuwahi kukishona, kwa sababu yeye na sindano hawakupatana tangu utotoni. Leo kifungo kilikuwa kimekazwa vizuri, kimesimama imara kifuani kwa mwenyewe.

Kipeuo alikuwa amemwinamia msichana mmoja aliyekwama kwenye vipeuo vya pili. Ana tabia yake huyu bwana, hatoi jibu. Ukimuuliza, anakuuliza. "Wewe unaonaje?" Ukimwambia unavyoona, anakuuliza tena, mpaka jibu unalitoa mwenyewe kinywani huku umekasirika. Wanafunzi wapya humchukia wiki ya kwanza, kisha wanashindwa kusoma na mwingine.

Msichana alipoondoka, Seli akasogea.

"Nani kakushonea hicho kifungo?"

Kipeuo akajipapasa kifuani. "Kumbe umekiona."

"Nina macho."

"Mtu tu. Alikuwa na sindano karibu."

"Mtu ana jina."

"Kwani wewe unaonaje? Kimekaa vibaya?"

"Mimi si mwanafunzi wako," Seli akasema. "Nikikuuliza nijibu."

Yeye akacheka, lile cheko lake la upande mmoja ambalo siku nyingine lingemlainisha mtu. Halafu akatazama saa, akatazama makaratasi, akatazama kila kitu mezani isipokuwa uso wa mchumba wake. Seli akaliona hilo pia, akaliweka moyoni.

Baada ya hapo ndipo Kipeuo, kana kwamba amekodiwa kujiharibia, akaleta swali.

"Nisaidie kitu cha somo lako. Nina mwanafunzi wangu mmoja, hasomi hapa. Anauliza, mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, damu zao zinachanganyika?"

Seli akaweka kalamu chini. "Yuko kidato gani?"

"Ni mtu mzima. Anafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Katika baiolojia yote, mimea ipo, wadudu wapo, yeye ameona aulize mimba."

"Lilikuwa kwenye mtihani wa mwaka wa nyuma. Ila nadhani linamgusa."

Linamgusa. Neno hilo lilimshuka Seli kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Lakini meza ya maswali ina heshima yake, swali likishawekwa halirudishwi. Akajikaza.

"Tuende taratibu," akaanza, maana ndivyo anavyoanza kila maelezo. "Hazichanganyiki. Katikati kuna kondo la nyuma. Damu ya mama inapita upande wake, ya mtoto upande wake. Chakula kinavuka, hewa safi inavuka, uchafu unarudi. Lakini damu kila mmoja ana yake, tangu mwanzo."

Kipeuo aliyaandika maneno hayo yote, neno kwa neno. "Atafurahi sana," akasema. "Kichwa chake kizuri mno, basi tu ametupwa nyuma na maisha. Isipokuwa kwenye mzingo, hapo ananishinda. Ukimpa mstatili wa nane kwa tano, yeye anakuhesabia kumi kwa saba. Kila mara. Nimemuuliza anaonaje, anasema ndivyo inavyotakiwa."

"Labda anakosea makusudi, usije ukamaliza kumfundisha."

Alisema kwa utani, na utani haukumchekesha yeyote kati yao.

Walipokuwa wanafunga madirisha, akasogea mwalimu wa historia, mama mmoja mnene mwenye mdomo usio na likizo. Wanafunzi walimwita Redio, na hawakumwonea.

"Mimi sisemi kitu," Redio akaanza, na ukimsikia hivyo ujue unasemewa yote. "Lakini wewe ni mdogo wangu, nikinyamaza sikutendei haki. Duka la fotokopi la pale kona unalijua?"

"Nalijua."

"Lina chumba juu. Jana nimekwenda kutoa nakala, nikamwona Kipeuo wako anapanda ngazi. Nikasema haya, labda ana shughuli. Muda mdogo tu, mwanamke naye huyo, anapanda ngazi zilezile."

"Mwanamke gani?"

"Sura sikuiona. Amejitanda mtandio mpaka puani, na jua lote lile. Sasa mwanamke asiye na la kuficha, pua anaifunika ya nini? Na mwenye duka anasema ni kila Jumanne na Alhamisi. Lakini mimi sisemi kitu."

Jumanne na Alhamisi. Ndizo siku ambazo Kipeuo huondoka kituoni kabla ya wengine, akidai ana mwanafunzi wa pembeni. Seli alimshukuru Redio kwa sauti ya kawaida kabisa, akachukua mkoba wake, na alipofika njiani akagundua ameacha mwavuli. Hakurudi kuuchukua.

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana: vitambaa kwenye makochi, vipande sakafuni, futi ya utepe shingoni kwake asubuhi hadi usiku. Alimlea Seli peke yake, kwa mguu wa cherehani hiyohiyo. Kuhusu baba, Seli aliambiwa alisafiri, na kila alipouliza alisafiri wapi, mashine iliongezwa mwendo.

Posa hii Mama aliipinga miezi na miezi. Hakutaka hata kuonana na kijana mwenyewe. "Mwanaume wa tuisheni hakanyagi hapa kwangu," alisema. Hakusema mwalimu, wala mwanaume asiye na ajira. Mwanaume wa tuisheni, kana kwamba ni ugonjwa. Hivi karibuni tu ndipo alipolegea ghafla. "Waje Jumamosi, nitawasikiliza. Sijasema nimekubali." Seli aliruka kwa furaha siku ile, hakujiuliza kilichomlegeza.

"Mama, ulikuwa sahihi," akasema sasa, hata viatu hajavua.

"Kuhusu nini?"

"Kipeuo. Ana mwanamke."

Cherehani ikanyamaza. Mama akatoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Umemwona?"

"Nimeambiwa."

"Na Redio?"

Seli akainama kuvua viatu.

"Yule akiona kivuli anakutajia na umri wake," Mama akasema. "Kingine nini?"

"Kuna kifungo. Kimeshonwa. Namuuliza nani kakishona, anapepesa macho. Na huyo mwanamke wanakutana chumbani, juu ya duka. Na Mama, nadhani ana mimba."

Mama aliinama akaokota kipande cha kitambaa sakafuni. Alichukua muda mrefu kukiokota. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwekundu kwa kuinama.

"Kifungo siyo ushahidi. Muulize."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena. Muulize vizuri, usimvizie. Mwanamke mwenye akili hakurupuki."

"Tangu lini unamtetea?"

"Nani kamtetea? Nimesema usikurupuke." Akakanyaga mashine, kisha akaongeza kwa sauti ya juu ya kelele zake: "Na kesho jioni usinisubiri, nina mteja wa kwenda kumpima."

Seli akaingia chumbani kwake na mashaka mapya juu ya yale ya zamani. Mama aliyekuwa hataki kulisikia jina la Kipeuo, leo anasema muulize tena. Ilikuwa kama ulimwengu mzima umekaa kikao bila yeye. Alilia kidogo, hasa kwa hasira, halafu akalia sana, na hapo haikuwa hasira tena. Alimpenda yule mwanaume. Alipenda namna anavyomsubiri mwanafunzi mzito bila kumkimbiza, alipenda hata cheko lake la upande mmoja. Na kama ni kweli, basi Jumamosi angekuwa anaketishwa mbele ya wajomba aseme ndiyo kwa mtu anayemcheka nyuma ya mgongo.

Alhamisi mezani hawakusemeshana zaidi ya salamu. Kipeuo alimtazama mara mbili tatu, akafungua mdomo, akaufunga. Simu yake ilikuwa mezani, uso juu. Alipoinuka kumfuatilia mwanafunzi aliyesahau rula, simu ikawaka. Seli hakuigusa. Haikuhitaji kuguswa. Juu palikuwa na jina lililoandikwa "Mtahiniwa", na chini yake maneno machache: "Nakuja sasa. Tafadhali yeye asijue."

Yeye. Yeye huyo ni mimi, Seli akajisemea.

Alitoka hadi kwenye korido, akampigia dada yake Kipeuo. Dada huyo ni muuguzi, mtu wa maneno machache na moyo mweupe, na ndiye aliyekuwa ameandaa safari yote ya Jumamosi.

"Wifi," dada akaitika kwa furaha. "Nilikuwa nawaza kukupigia. Mjomba anauliza avae tai au asivae."

"Dada, Jumamosi msije."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Hakuna posa. Mengine muulize ndugu yako."

Akakata simu kabla sauti haijamsaliti. Aliporudi mezani Kipeuo alikuwa ameshaondoka, na kiti chake kimesukumwa ndani vizuri, kama kawaida yake. Mwanafunzi mmoja alimnyooshea Seli swali la usanisinuru. Akamwambia aende kwa wa kemia.

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa watu, mashine zinanguruma, mwenye duka hajui ashike karatasi ya nani. Seli alipita katikati yao bila kutazama nyuso, kama mtu anayekwenda kwake, akapanda ngazi. Alikuwa ameshayapanga maneno. Angefika mlangoni, angeusukuma kwa nguvu, na angesema kitu kimoja tu, kifupi, kitakachowabakia maisha yao yote.

Mlango ulimharibia mpango. Ulikuwa wazi. Haukuwa umesahauliwa, ulikuwa umeachwa wazi makusudi: kiti cha mbao kimeegemezwa pale, mguu mmoja umekaa juu ya kizingiti, mlango usiweze kufunga hata upepo ukivuma. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza moja ndogo, viti viwili pande mbili za meza, na ubao mweupe ukutani.

Akaingia. Alitaka ushahidi, na macho yake yakauzunguka ule ubao wa watu kama anasahihisha mtihani. Mstatili ulikuwa umechorwa katikati. Upande mrefu, nane. Upande mfupi, tano. Pembeni, kwa mkono wa Kipeuo, swali: mzingo ni sentimita ngapi? Chini yake, kwa mkono mwingine ulioandika polepole, mtahiniwa alikuwa amejibu. Kumi na saba, mara mbili, thelathini na nne.

Jibu ni ishirini na sita, Seli akajisemea. Hata mtoto angepata. Huyu kila upande kauongezea moja huku na moja kule, kazunguka nayo umbo zima. Nani ana akili hizo za kuongeza moja kila ukingo? Nane hutaki iwe nane, unataka iwe kumi, ili nini?

Ili ikishonwa ibaki nane.

Alisimama palepale. Alikuwa amelisikia hilo tangu hajui kusoma. Alikuwa na miaka yake sita, ameshika mkasi mkubwa kuliko mkono wake, na sauti kutoka juu ya kichwa chake inamwambia: usikate kwenye mstari, mwanangu, acha ya mshono. Kila upande, acha ya mshono.

"Alisema tufute, nikamkatalia," sauti ileile ikasema nyuma yake. "Nikamwambia nataka nilitazame kosa langu mpaka nilielewe."

Mama alikuwa mlangoni, mtandio umeshuka kutoka puani hadi mabegani. Nyuma yake, kwenye ngazi, Kipeuo ameshika lundo la nakala za mitihani ya nyuma, zingali na joto la mashine. Uso wa Kipeuo uliposhtuka, nakala mbili zikamponyoka, zikateleza ngazi hadi ngazi. Hakuziokota.

"Mama," Seli akasema. Maneno yake yote aliyoyapanga yalikuwa yamekwenda.

"Kaa."

"Wewe ndiye..."

"Kaa kwanza, mwanangu. Umekuwa mweupe."

Akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Mama alibaki wima, mikono imeshika ncha za mtandio, kama msichana aliyeitwa ofisini.

"Nilikuja hapa kumtega," akasema. "Usimtazame yeye, nitazame mimi. Mimi ndiye mwenye maneno. Uliponiambia umempata mwalimu wa tuisheni, nilikonda. Kwa sababu baba yako hakusafiri. Mimi nilikuwa narudia mtihani, nina miaka ishirini, hesabu zimenishinda. Yeye alikuwa ananifundisha jioni. Mlango unafungwa, eti kelele. Akaniahidi kunioa mwezi wa mtihani. Mwezi wa mtihani ulipofika sikuwa na mtihani wala yeye. Nilikuwa na wewe."

Seli akamtazama yeye, kama alivyoambiwa.

"Kwa hiyo nikatafuta namba ya huyu. Nikajifunika, maana nilijua umemwonyesha picha zangu. Nikamwambia mimi ni mtahiniwa, nataka nifundishwe peke yangu, mahali pasipo na watu. Nikasema, acha nikae naye chumba kimoja nione mlango utafungwa baada ya muda gani." Mama akakitazama kiti. "Siku ya kwanza tu, kabla hajaniuliza jina, akachukua kiti akauzuia mlango nacho. Nikamwambia baridi inaingia. Akanipa koti lake. Nikamwambia nje kuna kelele. Akasema, basi tutapaza sauti. Nikarudi mara ya pili, ya tatu, nikitafuta kosa lake. Ya nne nikaelewa sehemu, Seli. Sehemu zile za hesabu, zilizonishinda ujana wangu wote. Nilienda nyumbani nikashona mpaka usingizi ukanikataa, nilivyokuwa na furaha. Nikasahau nilikuja kumtega."

"Na alipokujua?"

"Nilivua mtandio mwenyewe. Alikaribia kuanguka na ubao. Nikamwapisha asikuambie. Nilisema nikifeli tena, nife na aibu yangu, mtoto wangu mwalimu asijue. Nikifaulu, nitakuambia mwenyewe siku ya matokeo."

"Kile kifungo?"

"Sasa mtu anifundishe mzingo huku kifungo kinaning'inia mbele ya macho yangu? Mimi ni fundi. Nilimwambia asimame tuli, nikakishona akiwa amelivaa."

Seli alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Na swali la damu?"

Mama alijibu kwa sauti ndogo. "Miaka yote nilidhani hasira yangu ya wakati ule ilikuingia. Kwamba nilikulisha uchungu tangu tumboni, ndiyo maana hata kucheka ukiwa mdogo ulikuwa unacheka kwa shida. Aliponisomea majibu niliyajua ni yako. Alianza, 'tuende taratibu.' Nani mwingine anaanza hivyo?"

Mama na binti walishikana pale, wote wawili wanalia, na ule mtandio ukatumika kama leso. Kipeuo alikuwa bado mlangoni, upande wa nje wa kiti.

Simu yake ikaita.

"Dada," akapokea. Akasikiliza. Seli alimwona anavyosikiliza, akatamani sakafu ifunguke. "Nani kakwambia?... Lini?... Leo?" Macho ya Kipeuo yakaja taratibu mpaka yakatua kwake. Hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. "Sijui, dada. Mimi sikuambiwa."

"Kakwambia nini?" Mama akauliza.

"Kwamba Jumamosi wasije. Hakuna posa." Akaishusha simu bila kuikata.

Mama akamgeukia binti yake. "Nilikwambia umuulize."

"Mama..."

"Nilikwambia usikurupuke." Halafu akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu, Mwalimu."

Nyumbani alikuwa anamwita "yule kijana wako". Hapa alisema Mwalimu, kwa adabu yote, na Kipeuo akampa simu kwa mikono miwili. Mama akatoka nayo akashuka ngazi kidogo, anajikohoza apate sauti ya ukweni.

Wakabaki wawili. Kipeuo akaingia, akaweka nakala mezani, akaanza kuzipanga ingawa zilikuwa zimepangika.

"Nisamehe," Seli akasema.

"Ulimpigia dada kabla ya kuniuliza mimi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza kifungo. Hukuniuliza kama nakupenda. Hukuniuliza kama nina mwingine." Akanyoosha karatasi ambayo haikuwa na kunyanzi. "Najua nilikuficha. Hilo ni langu, nalibeba. Mama alinishika kwa kiapo, nami nilifurahi kwamba hatimaye ananiona mtu. Kila nikikutazama mezani nilitaka kukuambia. Lakini dada amenunua mpaka viatu, Seli. Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu niliogopa ungenijibu ndiyo."

Alikuwa hajawahi kujisemea hivyo hata yeye mwenyewe. Aliinuka kwenye kiti cha mwanafunzi, akaenda mlangoni, akakaa kwenye kile cha kuzuia mlango, mgongo umeelekea ngazi. Kutoka chini ilisikika sauti ya Mama.

"Ndiyo, mimi ndiye mama mtu... Hapana, mwanangu, ilikuwa homa, imeshuka. Homa ya wivu, wewe muuguzi unaijua... Mje, tena mje mapema... Eti nini? Kama namfahamu kijana mwenyewe?" Akajikohoza tena. "Namfahamu. Ni mwalimu wangu."

Kipeuo akaacha kupanga karatasi.

"Nina swali," Seli akasema.

"Meza ya maswali imefungwa leo."

"Hapa si mezani."

Kipeuo alifuta ubao nusu, akaacha nusu yenye mstatili wa Mama. Akaiweka kalamu chini. "Uliza."

"Bado unanitaka?"

Seli alikaza mikono kwenye kingo za kiti na kusubiri. Alimjua. Angemtazama kwa yale macho yake ya subira, angeinamisha kichwa kidogo, na angesema wewe unaonaje. Na yeye angelazimika kulitafuta jibu mwenyewe, na safari hii hakuwa na hakika kabisa kwamba angelipata.

Kule ngazini Mama alikuwa amemaliza kuongea. Hakupanda.

"Ndiyo," Kipeuo akasema, na hakumuuliza kitu.